Matembezi ya Mji wa Kale kwa Mwenye Unyonge wa Moyo: Mwongozo Kamili wa Hatua kwa Hatua

Ushauri wa "toka nje utembee" hutolewa kila siku kwa watu waliolemewa na huzuni, na wengi waliojaribu kuufuata hapa Mombasa wamekwama mahali pamoja. Wamesubiri hamu ya kutoka iwajie kwanza, haikuja, wakajilaumu, wakarudi kitandani. Wengine wametoka kwa kishindo siku ya kwanza, wakazunguka kutoka Kibokoni hadi Makadara hadi Marikiti katika jua la saa saba, wakarudi wamechoka kuliko walivyoondoka, na hawakutoka tena.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili yao, na unasimama juu ya mambo mawili. La kwanza ni kwamba miguu hutangulia na hamu hufuata. La pili ni kwamba macho ni lazima yapewe kazi mahususi, kwa sababu mtu aliyezama katika mawazo akitembea bila kazi huyatoa mawazo yale yale chumbani na kuyapeleka barabarani. Mji wa Kale unafaa mno kwa shughuli hii: ni mdogo, watu wake wanajuana, na ndani ya mwendo wa dakika chache una mambo ya kale ya kuangaliwa kwa wiki nyingi.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Daftari dogo linaloingia mfukoni, na kalamu. Simu haifai kwa kazi hii, kwani anayeifungua ili aandike mstari mmoja hujikuta nusu saa baadaye yumo katika ujumbe na video za watu.
- Viatu visivyoteleza. Vichochoro vina mawe, saruji na mitaro, na baada ya mvua huwa na utelezi.
- Chupa ya maji, pamoja na kofia, mtandio au leso ya kujikinga na jua.
- Mavazi yanayofunika mabega na magoti, kwa kuwa utapita mbele ya misikiti na mbele ya vibaraza vya wazee.
- Sarafu za kahawa na kashata. Acha nyumbani pesa nyingi na vitu vya thamani.
- Kitambulisho, kwa siku utakayoingia ndani ya Fort Jesus, kwa sababu raia hutozwa kiingilio cha chini.
- Jina na nambari ya mtu mmoja unayemwamini, iliyoandikwa kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari. Chini yake andika 1199, nambari ya bure ya Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya, ambako hupatikana ushauri nasaha.

Hatua ya 1: Pima uzito wa hali yako

Kabla ya kuvaa viatu, keti na ujipe alama kati ya 0 na 10, ambapo 0 ni huzuni isiyovumilika na 10 ni siku njema kabisa. Iandike pamoja na tarehe. Andika pia ulilala kwa saa ngapi usiku uliopita na kama ulikula, na ufanye hivi kila siku kabla ya kutoka.

Sababu ya kupima ni kwamba unyonge wa moyo una vipimo vyake, na matembezi hayatoshi kwa kila kipimo. Ikiwa karibu kila siku kwa muda wa wiki mbili au zaidi umekuwa na huzuni au umepoteza ladha ya mambo uliyoyapenda, na pamoja na hayo usingizi, hamu ya chakula, nguvu au umakini vimeharibika, hiyo huenda ni sonona, nayo ni ugonjwa unaotibika. Mwone mhudumu wa afya. Matembezi unaweza kuyaendeleza sambamba na matibabu, lakini yasichukue nafasi yake.

Hapa nataka kusema waziwazi jambo ambalo katika mitaa yetu huzungumzwa kwa minong'ono. Kuna watu wanaoambiwa kwamba huzuni yao ni upungufu wa imani, wakaona haya kwenda hospitali. Dua na dawa havigombani, na anayeswali ana haki ya kutibiwa kama anavyotibiwa akishikwa na malaria.

*Onyo:* Ikiwa una mawazo ya kujidhuru au ya kutamani kufa, usianze na mwongozo huu. Mwambie mtu mmoja leo, piga 1199, au nenda kitengo cha dharura cha hospitali iliyo karibu. Kisiwani kuna Hospitali Kuu ya Rufaa ya Pwani, ambayo wenyeji wengi huiita Makadara. Hofu ya kushtakiwa isikufunge mdomo: Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, kinakwenda kinyume na Katiba.

*Utajua umefaulu* ukiwa na alama moja iliyoandikwa, na umeshaamua kama utaanza peke yako au utaanza huku ukimwona daktari.

Hatua ya 2: Chagua saa na uifunge kwenye jambo ulifanyalo kila siku

Mombasa ina nyakati mbili tu zinazofaa kwa mtu asiye na nguvu: kuanzia saa kumi na mbili na nusu hadi saa mbili asubuhi, na kuanzia saa kumi na moja jioni hadi karibu na magharibi. Kati ya hapo joto na unyevu wa hewa humchosha hata mzima, na mchovu hudhani kwamba ni huzuni yake iliyozidi.

Ikiwezekana, chagua asubuhi. Mwanga wa mapema husaidia kurekebisha saa ya mwili, na usingizi ukirekebika, mengi hufuata nyuma yake. Saa hiyo vichochoro vina uhai wa kutosha bila msongamano: maduka yanafunguliwa, mahamri yanatolewa katika mafuta, watoto wanakwenda shule na chuoni.

Kisha ifunge saa hiyo kwenye jambo ambalo tayari unalifanya, kama vile chai ya asubuhi, kumpeleka mtoto shule, au kurudi kutoka sala ya alfajiri. Usiseme "nikipata nafasi", kwa sababu mtu mwenye unyonge wa moyo hapati nafasi. Siku nzima humpita akiwa anaingoja.

Katika mwezi wa Ramadhani, hamishia matembezi baada ya alasiri, yawe mafupi, na yaishie nyumbani kabla ya kufuturu.

*Utajua umefaulu* ukiweza kusema sentensi moja bila kusita: "Nikishaweka kikombe cha chai chini, navaa viatu."

Hatua ya 3: Maliza maamuzi yote usiku

Weka nguo, viatu, daftari na chupa ya maji karibu na mlango kabla ya kulala. Andika kwenye daftari kitu kimoja tu utakachokwenda kukiangalia kesho.

Hatua hii ni fupi na watu huiruka, ilhali ndiyo inayookoa asubuhi nyingi. Unapoamka na uzito kifuani, hata swali la nguo ipi uvae linaweza kukurudisha kitandani. Kama unakunywa kahawa nyingi jioni, ipunguze. Kama unatafuna miraa au muguka, fahamu kwamba vinakula usingizi, na usingizi ulioliwa hulipwa na huzuni ya kesho yake.

Hatua ya 4: Kwa siku tatu, nenda hadi kwenye kona na urudi

Siku ya kwanza, ya pili na ya tatu, safari ni dakika tano. Toka mlangoni, fika kwenye kona ya kwanza au duka la kwanza, simama kidogo, rudi. Usiongeze hata kama unajisikia una nguvu.

Wengi hudharau hatua hii, kwa hiyo nitaeleza sababu yake kwa kirefu. Tangu miaka ya 1970 wanasaikolojia, miongoni mwao Mmarekani Peter Lewinsohn, wameeleza mzunguko huu: mtu akihuzunika huacha shughuli zake, akiziacha, hupoteza yale madogo yaliyokuwa yakimpa furaha na kumwonyesha kwamba anaweza, akiyapoteza, huzuni huongezeka, naye huacha mengine zaidi. Njia ya kuukata mzunguko huo ni kurudisha kitendo kabla ya kurudi kwa hamu, na kitendo hicho kiwe kidogo kiasi kwamba hata siku mbaya haiwezi kukizuia. Dakika tano zinazofanyika siku tatu mfululizo zinakufundisha kwamba unaweza kutegemea neno lako mwenyewe. Saa mbili zinazofanyika mara moja tu zinakufundisha kinyume chake.

*Onyo:* Usitarajie furaha katika siku hizi. Huenda ukarudi ukiwa vilevile ulivyotoka, na hilo si dalili ya kushindwa.

*Utajua umefaulu* ukirudi nyumbani ukiwa bado na nguvu ya kuendelea, na umetoka siku zote tatu.

Hatua ya 5: Yape macho kazi moja

Kuanzia siku ya nne, nenda dakika kumi na tano hadi ishirini, na kila siku uwe na kitu kimoja cha kuangalia na swali moja la kujibu. Swali liwe la macho, yaani lijibiwe kwa kutazama, kuhesabu au kugusa. Maswali ya "kwa nini maisha yangu" yaache yasubiri nyumbani.

Njia ninayoipendekeza huanzia mbele ya Fort Jesus, hufuata Barabara ya Mbarak Hinawy hadi Msikiti wa Mandhry, huteremka hadi Bandari ya Kale, kisha hurudi kwa Ndia Kuu. Usiimalize siku moja. Fika kwenye kituo cha siku hiyo tu.

Kituo cha kwanza: ukuta wa ngome, kwa nje. Wareno waliijenga Fort Jesus kati ya 1593 na 1596 kwa ramani ya Mwitaliano Giovanni Battista Cairati, aliyefuata wazo la wajenzi wa Ulaya wa wakati huo kwamba ulinganifu kamili hupatikana katika mwili wa binadamu. Ndiyo maana mchoro wake ukitazamwa kutoka juu hufanana na mtu aliyelala. Wewe usiangalie umbo lote. Sogea karibu na ukuta, kwenye upande wenye kivuli, na utafute mahali ambapo mwamba wa asili unaishia na jiwe la mjenzi linaanzia, kwa kuwa ngome imesimama juu ya mwamba wa matumbawe na sehemu za chini zimechongwa katika mwamba wenyewe. Mstari huo hauonekani haraka. Jiwe la matumbawe lina vijitundu na mikunjo ya viumbe vya baharini, na ukiyakazia macho kwa dakika mbili utaona umbo la feni hapa na la sega la nyuki pale. Swali la siku: mstari unapita juu ya kiuno chako au chini yake?

Kituo cha pili: mlango mmoja wa nakshi. Chagua mlango mmoja na uutazame kwa siku mbili au tatu mfululizo. Mlango wa Kiswahili una mbao mbili, na katikati yake husimama mfaa, ule mti wenye nakshi unaofunika pengo. Anza na mfaa, uhesabu maua kutoka chini kwenda juu. Siku ya pili tazama kizingiti cha juu. Siku ya tatu tazama ukingo, ambao mara nyingi huchongwa mfano wa mnyororo. Chora kipande kimoja kwenye daftari, hata kama hujui kuchora, kwani mkono unapochora humlazimisha mtu aone asichokuwa amekiona. Kila mlango ni wa nyumba ya watu, kwa hiyo simama upande wa pili wa njia, toa salamu, na mwenyeji akitoka mwambie unaangalia nakshi. Wengi hufurahi, na baadhi watakueleza aliyeijenga nyumba.

Kituo cha tatu: Msikiti wa Mandhry. Huu hutajwa kuwa msikiti wa zamani kuliko yote inayotumika mjini, na mwaka wake hutajwa kuwa 1570, yaani ulikuwapo kabla ya ngome kuanza kujengwa. Utazame mnara wake mweupe unavyopungua kuelekea juu, na uandike kwa maneno yako mahali unapoanza kupungua. Asiye na nia ya kuswali atazame kutoka barabarani na asizuie mlango saa za sala.

Kituo cha nne: nyumba ya Leven na ngazi zake. Hiki ndicho ninachokipenda zaidi. Mwaka 1824 nahodha Mwingereza William Owen, aliyekuwa akipima pwani ya Afrika Mashariki kwa meli iitwayo Leven, alikubali ombi la Wamazrui, watawala wa mji wakati huo, na kutangaza kwamba Mombasa iko chini ya ulinzi wa Uingereza, bila serikali yake kumwagiza. Mambo hayo yalidumu hadi 1826 tu, London ilipoyafuta. Luteni wake kijana aliyeachwa kuusimamia mji, Reitz, alifariki kwa homa mwaka huo huo wa 1824, na ndiye aliyeachia jina Port Reitz, ambako leo kuna hospitali. Karibu na nyumba hiyo kuna ngazi zinazoteremka hadi majini na kisima cha maji matamu kilicho jirani kabisa na maji ya chumvi. Hesabu ngazi unapoteremka, na uhesabu tena unapopanda. Hesabu mbili zikitofautiana, una kazi ya kesho. Ngazi zikiwa na maji au ukungu wa kijani, usiteremke.

Kituo cha siku mbaya: kina cha maji bandarini. Siku utakayoamka huna nguvu ya kufikiri, nenda utazame bahari tu. Maji kupwa na kujaa huchelewa kwa takriban dakika 50 kila siku, kwa hiyo ukifika mahali pamoja saa ile ile kila siku hutayakuta yalipokuwa jana. Wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti ya maji hapa Mombasa inaweza kukaribia mita 4; wakati wa maji mafu tofauti hiyo ni ndogo. Chagua alama moja ukutani, andika kama maji yamefika juu yake au yako chini yake, na urudi nyumbani. Hicho ni kituo kamili, na hakuna sababu ya kukiona kuwa nusu ya kazi.

*Onyo:* Usipige picha za watu bila kuwaomba, wala za bandari bila ruhusa ya walinzi. Mawazo yakirudi katikati ya kuangalia, usigombane nayo; rudi kwenye swali la siku, mara kumi ikibidi.

*Utajua umefaulu* ukirudi na jibu moja la swali moja, hata kama lina makosa.

Hatua ya 6: Jitayarishe kwa salamu

Watu wengi wenye huzuni wameniambia kwamba wanachokiogopa hasa nje ni kuulizwa. Mji wetu ni mdogo, ukipotea wiki mbili, bibi anayeuza viazi karai atakwambia, "Mbona hatukuoni, mwanangu?" na swali hilo linaweza kumfanya mtu abadilishe njia kwa miezi.

Dawa yake ni kuwa na jibu moja tayari. Liwe la kweli, fupi, lisilofungua mjadala. Kwa mkubwa: "Shikamoo bibi. Nilikuwa sijisikii vizuri, sasa natoka kidogo kidogo. Niombee dua." Kwa rika lako: "Nilikuwa nyumbani kidogo, afya haikuwa sawa. Wewe u hali gani?" Swali la mwisho ndilo linalofanya kazi, kwa sababu mazungumzo humgeukia yeye, nawe unapata nafasi ya kusikiliza badala ya kujieleza.

Anza na salamu moja kwa kila safari. Salamu ni kitendo cha kijamii kilicho rahisi kuliko vyote tulivyo navyo. Ina maneno yaliyokwisha kupangwa, na haihitaji uwe mchangamfu ili uitoe.

*Onyo:* Akitokea mtu anayekudadisi kwa udaku, una haki ya kusema "Inshallah tutaongea" na kuendelea na safari. Usimfungulie moyo kila anayeuliza. Umfungulie yule ambaye jina lake liko kwenye ukurasa wa kwanza.

Hatua ya 7: Keti penye watu kwa muda wa kikombe kimoja

Kuanzia wiki ya pili, mara mbili au tatu kwa wiki, maliza safari kwa muuza kahawa. Ikiwa wewe ni mtu wa jioni, utamkuta amekaa na dele lake la shaba juu ya makaa, akimimina kahawa chungu katika vikombe vidogo visivyo na mkono, ambavyo hushikwa ukingoni kwa ncha za vidole kwa sababu ya moto wake. Agiza kikombe kimoja na kashata. Keti kwenye kibaraza au ubao uliopo, umalize kikombe, ulipe, uondoke. Ukipenda, omba tangawizi, maana kahawa ya usiku hufukuza usingizi unaoutafuta.

Huna wajibu wa kuzungumza. Barazani mtu anaweza kuketi kimya bila kuulizwa sababu, na mazungumzo ya mpira, siasa za kaunti na bei ya samaki yakapita juu ya kichwa chake. Kuwa miongoni mwa watu bila kudaiwa kitu ni jambo ambalo mwenye huzuni hulikosa sana akijifungia.

Kwa wanawake, najua kwamba kibaraza cha kahawa mara nyingi huwa cha wanaume, na sitajifanya sioni. Mahali panapofaa ni kwa mama wa mahamri asubuhi, ambako kuna kiti cha kusubiria na soga zake, au kwa jirani mmoja mliyekwisha kupatana kwamba utapita kwa kikombe cha chai kisha utaendelea na shughuli zako.

*Utajua umefaulu* ukimaliza kikombe bila kukimbia.

Hatua ya 8: Andika mistari miwili, usizidishe

Ukifika nyumbani, kabla ya kuvua viatu, andika mistari miwili. Wa kwanza ni kile ulichokiona: "Mfaa wa mlango wa kijani una maua saba, la tano limevunjika." Wa pili ni alama mbili, ya kabla ya kutoka na ya baada ya kurudi.

Sababu ni kwamba huzuni huharibu kumbukumbu kwa namna ya pekee: humwonyesha mtu mabaya yote kwa wepesi, na mazuri humfichia. Ukiulizwa Ijumaa wiki ilikuwaje, utasema hakukuwa na lolote. Daftari litakuonyesha kwamba Jumanne ulitoka na 3 ukarudi na 4, na kwamba maji yalikuwa juu ya alama.

*Onyo:* Usiandike kurasa nyingi za machungu kwenye daftari hili. Kama unahitaji kuyatoa, na wakati mwingine ni lazima, tumia daftari jingine au umweleze mtu.

Hatua ya 9: Siku iliyokosekana

Itakosekana. Mvua za masika zitanyesha, mtoto ataugua, au utaamka na mwili uliokataa. Kanuni ni moja: siku inayofuata unarudi kwenye dakika tano za Hatua ya 4, na siku ya baadaye unaendelea ulipoachia. Usilipe deni kwa kutembea mara mbili, kwa kuwa deni hilo ndilo linalogeuka kuwa sababu mpya ya kutotoka.

Mvua ikizuia kabisa, kaa dirishani au roshani kwa dakika hizo hizo na uchague kitu kimoja cha kuangalia.

Hatua ya 10: Panua mzunguko

Ukishatoka siku nyingi kuliko ulizokaa ndani kwa wiki mbili, ongeza safari moja kubwa kwa wiki, ikiwezekana pamoja na mtu.

Ingia ndani ya Fort Jesus. Wengi waliokulia hapa waliingia mara moja tu na darasa la shule. Humo mna michoro ambayo askari wa Kireno waliichora ukutani kwa makaa na udongo mwekundu, meli na watu, wakiwa zamu mbali na kwao. Mna pia vitu vilivyotolewa baharini kutoka meli ya Kireno Santo António de Tanná, iliyozama mbele ya ngome mwaka 1697 katikati ya mazingiwa ya Waomani yaliyoanza Machi 1696 na kwisha Desemba 1698. Keti mbele ya mchoro mmoja tu, na uhesabu milingoti. Jengo hilo lilikuwa gereza kuanzia 1895 hadi 1958. Kama vyumba vilivyofungwa vinakubana kifua, kaa kwenye uwanja wa wazi na juu ya kuta zinazotazama mlango wa bahari.

Safari nyingine ni Pembe za Barabara ya Moi, yale matao makubwa yenye umbo la pembe za ndovu. Tunapita chini yake ndani ya matatu bila kuinua macho. Asili yake ni ziara ya kifalme iliyopangwa mwaka 1952. Binti Mfalme Elizabeth, aliyekuwa apande meli hapa Mombasa, alipata habari ya kifo cha baba yake akiwa bara, akarudi Uingereza kwa ndege, meli ikabaki ikimngoja Kilindini. Sogea uguse pembe moja, uone kwamba ni bati la alumini lililounganishwa vipande vipande, na utafute maungio.

Siku yenye nguvu zaidi, nenda Mama Ngina ukae chini ya mibuyu utazame meli zikiingia, au vuka Likoni kwa feri na urudi. Anayevuka kwa miguu halipi. Epuka saa za msongamano, asubuhi na jioni, ikiwa umati unakutia wasiwasi.

Hatua ya 11: Lifungue daftari baada ya mwezi

Soma alama kutoka mwanzo. Usitafute kupanda kwa kila siku, kwani hakutakuwapo. Linganisha wiki ya kwanza na ya nne: siku ulizotoka, alama za kurudi, saa za usingizi, salamu ulizotoa. Ikiwa kuna mwendo, hata mdogo, endelea na saa ile ile na ubadilishe vituo; Mji wa Kale una milango mingi.

Ikiwa alama zimesimama palepale au zimeshuka ingawa umetoka, tatizo linahitaji mkono mwingine, na sasa una ushahidi wa kumpelekea. Hospitali ya Port Reitz ina kitengo cha afya ya akili, na zahanati iliyo karibu nawe inaweza kukupa rufaa. Mpe mhudumu daftari lenyewe alisome, hasa kurasa za usingizi na alama, na umwambie dawa zozote unazotumia, pamoja na muguka, pombe au dawa za kienyeji kama zipo. Mwenye unyonge wa moyo akiulizwa "unaumwa nini?" mara nyingi hukosa maneno, au husema kichwa tu, kwa hiyo fungua ukurasa, weka kidole kwenye tarehe ya kwanza, na uanzie hapo.